Kilemba cha ukoka: sifa za uongo ni nini, na nani anazilipia?

Ukoka kila mkulima anaujua. Ni yale majani yanayotambaa chini, unayalima leo, wiki ijayo yamerudi. Ng'ombe anayala, lakini mtu hana kazi nayo. Wahenga wetu wakayachukua majani hayo wakayaweka kwenye usemi: kumvika mtu kilemba cha ukoka. Maana yake ni kummwagia mtu sifa asizostahili, ajione amepambwa, kumbe kichwani amebeba majani.

Kilemba chenyewe ni vazi la heshima, hasa kwa watu wa Pwani. Hata kwenye mahari, sehemu nyingine bado kuna fungu linaloitwa kilemba, la kumheshimu mzee wa binti. Ndiyo maana usemi huu unauma. Aliyevikwa ukoka hajioni kichwani. Wanaomwona ni wengine, na mara nyingi wanachekea pembeni.

Baada ya kipindi chetu cha jioni kilichozungumzia neno "chawa", wasikilizaji wengi walituma ujumbe wakiuliza maswali yanayofanana. Je, kumsifu mtu ni kosa? Nitajuaje kama ninasifiwa kweli au ninavikwa ukoka? Na mmoja akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo: mtu akisifiwa uongo, hasara ni ya nani? Dakika za redio hazikutosha, kwa hiyo nimeandika hapa kwa nafasi.

Maneno tuliyonayo

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina kona yake.

Kujipendekeza ni kufanya au kusema mambo ili upendwe na mtu mwenye kitu unachokitaka. Kujikomba ni karibu na hilo, ila linabeba dharau zaidi: mtu anajisogeza mpaka anajishusha. Kurairai ni kumlainisha mtu kwa maneno matamu mpaka akubali jambo ambalo asingelikubali akiwa na akili yake iliyotulia. Siku hizi vijana wanasema "kumpamba" mtu, na sifa zikizidi wanaziita "misifa".

Kuna usemi mwingine ninaoupenda kwa ukali wake: kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Chukua chupa iliyojaa mafuta, lakini badala ya kuyamimina, msugue mtu mkono kwa upande wa nje wa chupa. Atahisi kitu kinateleza juu ya ngozi. Ataona chupa, ataona mafuta yaliyomo ndani, na ngozi yake itabaki kavu vilevile. Wazee waliojaliwa usemi huu walikuwa wameshapakwa.

Halafu ndiyo likaja chawa. Miaka ya karibuni neno hili limesambaa Tanzania, kuanzia kwa mashabiki wa wanamuziki mpaka kwenye siasa. Chawa ni mdudu anayeishi kwenye nguo na nywele za mtu na kunywa damu yake. Mtu akiitwa chawa wa fulani, maana yake anaishi kwa kumsifu fulani na kupata riziki mwilini mwake. La kushangaza ni kwamba neno lililoanza kama tusi limegeuka cheo. Wapo vijana wanaojiita chawa kwa fahari, na vikundi vilivyojipa jina hilo hadharani. Wazee walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani kama walitegemea mdudu huyo siku moja atavaa fulana yenye jina lake.

Kusifu si dhambi

Nisieleweke vibaya. Mtoto akitoka shuleni na alama nzuri, msifu. Jirani akichimba mtaro wa maji uliookoa njia ya kijiji, msifu, tena mbele ya watu. Jamii isiyosifu huzalisha watu wachungu.

Mila zetu zimejaa sifa. Wahaya wa Kagera wana majigambo, ambapo mtu husimama na kutaja ushujaa wake au wa ukoo wake kwa maneno yaliyopangwa kishairi. Harusini tunatunza waimbaji wanaotutaja majina. Msibani tunamtaja marehemu kwa mema yake hata kama tunayajua na mengine. Hapo hakuna anayedanganywa, kwa sababu kila aliyepo anaijua shughuli hiyo na kanuni zake. Anayejigamba anajulikana anajigamba.

Sifa ya uongo ni tofauti kwa mambo mawili. Kwanza, msemaji mwenyewe haamini anachokisema, au hajali kama ni kweli. Pili, anasema kwa sababu anataka kitu: kazi, mkopo, kura, bei nzuri, kusamehewa deni, kukaa karibu na meza. Sifa inakuwa malipo ya awali, na msifiwa anapewa bidhaa bila kuambiwa bei.

Kuna methali ambayo karibu kila mtu anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema ni yule anayepanda mnazi na kukinga tembo, kama ndugu zetu wa Iringa na Njombe wanavyokinga ulanzi kwenye mianzi wakati wa mvua. Wengi tunaitumia methali hii kumlaumu mgema kwamba amelewa sifa akaharibu kazi. Mimi naomba tuitazame upande wa kibuyu. Mgema alisifiwa, akafurahi, akaongeza maji, akauza zaidi. Msifiaji labda alipata kibuyu cha bure. Anayekunywa maji kwa bei ya tembo ni mteja mwingine kabisa, ambaye siku ya sifa hakuwepo. Hilo ndilo jibu langu kwa msikilizaji aliyeuliza hasara ni ya nani, na mifano iliyo hapa chini ndiyo iliyonifikisha hapo.

Kwa nini inatushika hata tukijua

Mtu mzima anaweza kusema, "Mimi sidanganyiki, nikisifiwa nafahamu." Mwaka 2010 watafiti wawili wa masoko, Elaine Chan na Jaideep Sengupta, walichapisha utafiti juu ya hili. Waliwapa watu tangazo la duka lililowasifu kwamba wanajua kuvaa na wana macho ya kuchagua nguo. Tangazo lilikuwa limeandikwa kwa watu wengi, na waliosoma waliona wazi kwamba wanasifiwa ili wanunue. Walipoulizwa, walilipunguzia duka alama kwa sababu hiyo. Lakini vipimo vya hisia za ndani, zile zinazojitokeza kabla mtu hajapata muda wa kufikiri, vilionyesha kwamba duka lilikuwa limeshapendwa. Akili ilikataa, moyo ukawa umeshapokea.

Nadhani ndivyo ilivyo hata sokoni kwetu. Dalali anapokuja shambani na kuanza na "Mzee, shamba kama hili sijaliona tangu nianze kazi," unajua kabisa jana alisema hivyohivyo kwa jirani. Lakini kiti umeshampa, na chai imeshawekwa jikoni. Anayekusifu leo anakuwa mgeni, na mgeni habishaniwi bei kama mnunuzi.

Risala ya mgeni rasmi

Nimehudhuria ziara nyingi za viongozi vijijini nikiwa na kinasa sauti. Yeyote aliyekaa chini ya mwembe au turubai kwenye shughuli hizo anaujua mpangilio. Ngoma, kwaya, shangwe, kisha risala.

Risala nyingi zina umbo moja. Aya ya kwanza ya shukrani, ya pili ya pongezi, ya tatu ya pongezi, ya nne inataja miradi iliyokamilika. Kisha, karibu na mwisho, mgeni akiwa ameshaanza kutazama saa, linakuja neno "changamoto", na hapo zahanati isiyo na dawa na daraja lililokatika tangu masika vinapewa mstari mmoja mmoja. Nimewahi kumuuliza katibu mmoja aliyeandika risala kwa nini maji yametajwa mwishoni kabisa, ilhali kijiji kizima kinalia maji. Akaniambia, "Ndugu mtangazaji, ukianza na shida wanasema kijiji hiki hakina shukrani."

Simlaumu. Anajua kijiji jirani kilichoitwa kisicho na shukrani kilingojeaje. Lakini tazama kinachotokea. Mgeni anaondoka akiwa na picha ya kijiji chenye furaha. Wakati mwingine bomba lililokauka miezi mitatu linatoa maji asubuhi ileile ya ziara, kisha linakauka tena jioni. Kiongozi ameona maji kwa macho yake. Atakaporudi ofisini na bajeti ikawa ndogo, kijiji chenu kitakuwa kwenye orodha ya vilivyokwisha kupata. Sifa mlizompa mmezilipia kwa ndoo za maji, na anayezibeba ndoo hizo ni binti ambaye hakuhusishwa kuandika risala.

Enzi za Mwalimu Nyerere kulikuwa na jaribio la kupunguza ukoka kwa kubadili maneno. Viongozi na wananchi wakaitana Ndugu, na Nyerere mwenyewe akabaki kuitwa Mwalimu, jina la kazi aliyoisomea. Miaka ya tisini "Mheshimiwa" akarudi kwa nguvu. Sisemi kwamba neno Ndugu liliondoa unafiki, maana watu walijua kujikomba hata wakiitana Ndugu. Ila ni vigumu kidogo kulia machozi ya furaha mbele ya Ndugu.

Redio iliyoanza kila taarifa kwa jina moja

Kama mtu wa redio, mfano wa Kenya unanigusa zaidi.

Daniel arap Moi alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1967, akawa Rais 1978 baada ya kifo cha Jomo Kenyatta. Alisema atafuata nyayo za Kenyatta, na neno Nyayo likawa jina la siasa yake. Septemba 1984, aliporejea kutoka safari ya Addis Ababa, alitoa hotuba ambayo Wakenya hawajaisahau. Aliwataka mawaziri, manaibu wao na watu wengine wote waimbe wimbo wake kama kasuku, kama yeye alivyouimba wimbo wa Kenyatta zama zake. Mara chache sana kiongozi ameomba sifa waziwazi kiasi hicho.

Na kasuku wakaimba. Kwaya zilitungwa. Taarifa ya habari ya redio ya taifa ilizoeleka kuanza na Mtukufu Rais: amekwenda wapi, amesema nini, amechangia harambee ipi. Msikilizaji wa Turkana aliyetaka kujua habari za ukame alisubiri kwanza amalize kusikia Mtukufu ameamkia wapi. Wanasiasa walishindana kwa maneno, na aliyenyamaza alitiliwa shaka kuliko aliyekosea. Mwaka 1988 ukafanyika uteuzi wa wagombea wa KANU kwa mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao. Sehemu kadhaa mistari mirefu ilitangazwa kuwa imeshindwa na mifupi. Kila aliyesimama pale aliona, na redio ikatangaza matokeo.

Miaka ya tisini uchumi ukayumba, kashfa ya Goldenberg ikachota mabilioni ya shilingi za umma, na waliokaa karibu na Rais waliendelea kumwambia nchi inampenda. Desemba 2002 mgombea wake, Uhuru Kenyatta, akashindwa vibaya na Mwai Kibaki. Siku ya kukabidhi madaraka katika bustani ya Uhuru, Nairobi, umati ulimzomea Moi hadharani. Alikuwa mzee wa miaka 78, amezungukwa na nyimbo kwa miaka 24, na nadhani siku ile ndiyo alisikia sauti ya watu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Yeye alizomewa siku moja, akarudi nyumbani kwake Kabarak. Walioupoteza muda wao ni wale waliokuwa wakisubiri habari ya pili.

Mavuno ya kwenye karatasi

Mfano mzito kuliko yote ninaoufahamu unatoka mbali, Uchina, lakini ni habari ya wakulima, na kila anayewahi kupeleka takwimu za mavuno kwa mtendaji ataielewa.

Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong ilianzisha mpango ulioitwa Hatua Kubwa Mbele. Vijiji viliunganishwa kuwa jumuiya kubwa, watu wakalima pamoja na kula kwenye majiko ya pamoja. Viongozi wa juu walitaka kusikia kwamba mfumo mpya umeleta mavuno makubwa. Viongozi wa chini walijua wanachotakiwa kusema.

Jumuiya moja ikatangaza mavuno mara mbili ya kawaida. Jirani yake, asionekane mvivu, akatangaza mara tano. Wengine wakafika mara kumi na zaidi. Magazeti yakaandika na kupongeza. Kuna sehemu walihamisha mpunga kutoka mashamba mengi na kuubananisha kwenye shamba moja, ili mgeni akija aone mpunga uliosongamana mpaka mtoto anaweza kusimama juu ya masuke. Ikapigwa picha, watoto wamesimama kweli.

Sasa fikiria kama mkulima. Serikali inachukua sehemu ya nafaka kulingana na mavuno yaliyoripotiwa. Kama umevuna magunia 10 na kiongozi wako ameandika 50, sehemu ya serikali itahesabiwa kutoka kwenye 50. Itachukuliwa wapi? Itachukuliwa kwenye yale 10, kisha kwenye mbegu, kisha nyumba zitapekuliwa kwa kuwa wakulima "wanaficha". Ndivyo ilivyokuwa. Nafaka iliendelea kuuzwa nje ya nchi. Kuna maeneo, Xinyang katika jimbo la Henan likiwa mojawapo, ambako maghala ya serikali yalikuwa na nafaka na watu wakafa njaa karibu nayo.

Mtu mmoja alijaribu kusema. Peng Dehuai alikuwa Waziri wa Ulinzi, mwanajeshi aliyezaliwa kwenye familia ya wakulima maskini wa Hunan. Alikuwa ametembelea vijiji vya kwao na kuona tofauti ya karatasi na shamba. Julai 1959, kwenye mkutano wa chama huko Lushan, alimwandikia Mao barua binafsi yenye heshima, akitaja mafanikio kwanza, kisha akaeleza kwamba takwimu zimekuzwa. Hata yeye, unaona, alianza na pongezi kama katibu wetu wa risala. Mao aliigawa barua ile kwa wajumbe wote na kuifanya mashtaka. Peng akaondolewa uwaziri. Kote nchini ikaanza kampeni dhidi ya waliodhaniwa wanafikiri kama yeye, na baada ya hapo hakuna mtendaji aliyethubutu kuandika kidogo. Mwaka uliofuata, 1960, ulikuwa mbaya zaidi.

Wanahistoria hawakubaliani juu ya idadi ya waliokufa katika njaa hiyo ya 1959 hadi 1961. Wengi wanataja kati ya watu milioni 15 na milioni 45. Ukame na mafuriko yalikuwepo sehemu nyingine, na sera zenyewe zilikuwa na makosa mengi, kwa hiyo sitasema sifa peke yake iliua. Ila kosa linaweza kusahihishwa kama mwenye uamuzi analijua. Pale, njia zote za kujua zilikuwa zimezibwa kwa pongezi.

Siku nilipomvika mtu ukoka mwenyewe

Nimewataja makatibu, mawaziri na watendaji. Ni haki nijitaje.

Msimu mmoja, miaka kadhaa iliyopita, mfanyabiashara wa pembejeo alidhamini kipindi chetu cha wakulima. Alikuja studio na zawadi ya nauli kwa kila mtangazaji. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini, cheti changu cha utangazaji kina vumbi kidogo tu, na mtu mkubwa kama yule kuniita "sauti ya mkoa" kulinivimbisha kichwa. Utaona hapo nani alimvika nani kwanza. Nilipowasha kipaza sauti nikamwita mkombozi wa mkulima. Nikasema mbegu zake hazina mfano. Sikuwa nimeona hata kifuko kimoja cha mbegu zile shambani. Sikuuliza lebo, sikumpigia bwana shamba.

Wiki tatu baada ya mvua za kwanza, simu ya kipindi ikaita. Mama mmoja. Akasalimia "kamwene", nikaitikia, nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, zile mbegu ulizozisifu, mimi nimepanda ekari moja na nusu. Zimeota chache, nimehesabu kwa vidole. Nakuuliza tu, wewe zako ziliotaje?"

Tulikuwa hewani. Nilisema mtandao unasumbua, nikaweka wimbo.

Nimeshalisimulia hili redioni, kwa hiyo siyo siri. Mfanyabiashara hakupata hasara, alikuwa ameshauza. Mimi sikupata hasara, nauli nilishaila. Yule mama alipanda upya kwa mbegu za akiba alizokopa kwa dada yake, akachelewa mvua, akavuna pungufu. Hakuwahi kunisifu wala kusifiwa na mtu. Nilimtafuta baadaye nikamwomba radhi. Akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili, lakini hakusema si kitu. Alisema, "Nimekusikia."

Tangu hapo kituo chetu kina utaratibu: kilicholipiwa kinatangazwa kuwa ni tangazo, mwanzo na mwisho, na mtangazaji wa kipindi cha kilimo hasomi tangazo la pembejeo kwa sauti yake. Kuhusu mbegu, kabla ya kununua tafuta lebo ya TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu Tanzania. Lebo ina sehemu ya kukwangua yenye namba unayoweza kuihakiki kwa simu yako. Muuzaji akianza kukusifu wakati unakwangua, endelea kukwangua.

Utaijuaje

Sifa ya kweli huwa na kitu ndani yake cha kushika. Mtu akikwambia, "Mahindi yako umeyapa nafasi vizuri, na ulipalilia mapema," ametazama shamba. Akikwambia, "Hakuna mkulima kama wewe wilaya nzima," hajatazama, au ametazama kitu kingine. Jaribu kumuuliza swali la pili: nini umekipenda, na wapi nirekebishe? Mwenye kusifu kweli atakuwa na la kusema. Chawa atakwambia hakuna cha kurekebisha.

Angalia pia kinachofuata baada ya sifa. Mjumbe wa kikundi anayekupongeza mara kwa mara halafu ndani ya wiki anaomba mkopo bila wadhamini, anza kuhesabu. Mpigaji simu usiyemjua anayesema "hongera, wewe ni mteja wetu bora, umeshinda" na kisha anaomba namba ya siri au ada ya kutumiwa zawadi, kata simu. Hakuna kampuni inayohitaji namba yako ya siri ili ikupongeze. Dalali aliyesifia shamba, mwambie asante, kisha mlete kwenye mizani. Gunia la lumbesa halipungui uzito kwa sababu aliyelishona alikuita bingwa.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karibu miaka elfu mbili iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya kumtofautisha rafiki na msifiaji, na alimfananisha msifiaji na kinyonga. Nadhani mfano huo ungeeleweka kwetu bila mkalimani. Ukicheka anacheka, ukimchukia mtu naye anamchukia, ukibadili msimamo jioni utamkuta ameshafika. Rafiki anabaki na rangi yake, na wakati mwingine rangi hiyo inakuudhi.

Kwa wenye vyeo, hata cheo kidogo cha mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu sifa zinakuja bila kuitwa. Vikundi vingi vina kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Huo ndio utaratibu mzuri kuliko hotuba. Kufuli hazimwambii mwenyekiti kwamba ni mwizi, wala hazimwambii kwamba ni mtakatifu. Zinafungwa tu. Baadhi ya vikundi tulivyotembelea vimeongeza jambo dogo: mkutano unaanza na mweka hazina kusoma waliochelewa kurejesha, kabla ya shukrani yoyote. Kwenye kikundi kimoja mwenyekiti ndiye anayesema wa mwisho, kwa sababu waligundua akisema wa kwanza wote wanakubaliana naye. Na kwenye mambo mazito wanaandika maoni kwenye karatasi zisizo na majina, wanazikusanya kwenye kofia.

Kuhusu risala, nimeona kijiji kimoja kilichoigeuza. Aya ya kwanza ilikuwa ya kukaribisha, sentensi mbili. Ya pili ilikuwa ya maji, ikiwa na idadi ya kaya na umbali wa kisima. Shukrani zikaja mwisho. Mgeni alikunja uso kidogo mwanzoni, kisha akaomba kalamu kwa msaidizi wake.

Yule mama wa ekari moja na nusu bado ananisikiliza. Huwa anatuma ujumbe siku za Jumanne, kipindi cha wakulima kikiisha. Wiki iliyopita aliandika: "Mwanangu, leo umeongea sana na yule mgeni wako. Bei ya mbolea hukuitaja."